Niliwakubalia Wote Wawili

Wiki ya tano ya ubishi ule, nilifika mahali nikawa nausikia hata kwenye cherehani. Nikikanyaga inasema apu, nikiachia inasema tovuti.

Mimi ni fundi wa nguo, mwenyekiti wa karakana ya mafundi wanane, wanawake tupu, na ndiyo maana siku hizi hata nyumbani naitwa Mwenyekiti. Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wawili ambao ukiwasikiliza utadhani waliliokota njiani. Nilitaka kitu kimoja tu: kipimo cha mteja kiandikwe mara moja, na fundi yeyote kati yetu akikitaka akione kwenye simu. Basi. Sikuomba ndege.

Kilichonisukuma ni shule ya wasichana. Mwaka jana tulishona sare zao kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye madaftari manane, kila fundi na mwandiko wake. Saba za Mama Vifungo, fundi mwenzetu, huwezi kuzitenganisha na moja zangu. Sketi hamsini na tatu zilirudi. Mwalimu mkuu alizipanga mezani kwake, zimekunjwa vizuri kabisa, akaniambia, "Mwenyekiti, nakupa nafasi moja zaidi. Mkirudia, kazi naipeleka kiwandani." Kazi ikienda kiwandani, wanne kati ya mafundi wanane wanarudi kukaa nyumbani. Na nilikuwa nawajua kwa sura ni wanne gani.

Basi nikawaita ndugu, na hapo ndipo nilipojichongea.

Wa kwanza ni mdogo wangu wa mwisho. Tunamwita Profesa, si kwa sababu amefundisha popote, ila ukimuuliza saa anaanza na historia ya saa. Huyu nilimbeba mgongoni mpaka mama akaniambia sasa mwache atembee. Wa pili ni Baba Pacha, mume wa dada yangu mkubwa, mpole, msafi, mtu wa kupiga hodi hata mlango ukiwa wazi. Tangu aoe kwetu hakuna aliyewahi kumtolea neno "hapana". Wote wawili wanaijua kompyuta. Tukaanzisha kampuni ya watu watatu, chumba cha kupigia pasi kikawa ofisi, na shule ikawa mteja wetu wa kwanza. Tukifanikiwa pale, karakana nyingine zingetufuata. Ndivyo tulivyoambiana.

Profesa alitaka apu, programu inayopakuliwa na kukaa ndani ya simu. "Dada, hii hata mtandao ukikatika inaandika tu. Ukirudi mahali penye mtandao inatuma yenyewe. Wewe unaendelea na kazi yako."

Baba Pacha alitaka tovuti, ukurasa unaofunguliwa kwenye simu yoyote bila kupakua chochote. "Shemeji, usiwasumbue akina mama. Wanabonyeza anwani, wanaingia, wamemaliza. Tukirekebisha kitu leo, wote wanakiona leo."

Ukimsikiliza huyu, unakubali. Ukimsikiliza yule, unakubali. Hilo ndilo lililokuwa likinitia wazimu. Angalau mmoja angekuwa mjinga tungelala mapema.

Tukajaribu. Siku ya apu, simu tatu tu kati ya nane zilikubali. Mbili zilikuwa za zamani mno. Nyingine tatu zilikataa kwa sababu zimejaa, na unajua simu ya fundi inajaa nini: picha za mishono. Profesa akakaa na Mama Vifungo kumwomba afute japo kidogo.

"Hii nifute?" akamwonyesha picha ya gauni.

"Iache hiyo. Mwenyewe atarudi."

"Lini alikuja?"

"Mwaka juzi. Lakini atarudi."

Walikaa nusu saa. Alifuta picha moja, nayo ilikuwa ya kidole chake mwenyewe.

Baba Pacha hakucheka. Aliinamia kompyuta yake kwa adabu, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Kesho yake ikawa zamu yake. Tovuti ilifunguka kwenye simu zote nane, na sisi tukapiga makofi. Halafu tukaingia chumba cha ndani, chenye makabati ya vitambaa hadi darini, ukurasa ukaanza kuzunguka. Ukazunguka. Mama Vifungo akatoka na simu yake hadi barabarani akiwa na pini mdomoni, akairudisha imeishiwa chaji. Sasa ikawa zamu ya Profesa kuinama.

Hayo yote yalikwenda wiki tano. Walichora kwenye ukuta wa chumba cha pasi, wakafuta, wakachora tena. Walibishana wakila, walibishana mimi nikipima mteja, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama ni kesi ya urithi. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Kola nilizoshona mwezi ule, Mungu anisamehe, ziliwabana watu.

Alhamisi kabla ya Jumatatu ya kwenda shuleni kupima, wakaja pamoja. Profesa ndiye aliyesema.

"Dada, sisi tumeshindwa kuelewana. Wewe ndiye mwenye wazo. Kata shauri. Utakachosema ndicho."

"Kabisa, Shemeji," Baba Pacha akaongeza. "Hakuna atakayenuna."

Nikawaambia nipeni hadi jioni. Wakatoka. Mimi nikabaki na sketi mkononi, nikijua hata kama sijui kompyuta, uamuzi umeniangukia mimi na si mtu mwingine.

Jibu sikuwa nalo. Lakini tuseme ningelikuwa nalo. Ningemwambia nani? Baba Pacha alikuwa amechukua likizo kazini kwake kwa ajili yetu. Alikuja mapema wiki zote tano, akavua viatu mlangoni asije akachafua vitambaa. Na Profesa, huyu akikataliwa hasemi, anaacha kula. Nimemjua hivyo tangu hana meno.

Jioni Baba Pacha akawahi kuja. Akapiga hodi.

"Shemeji, mimi sina neno. Nimepita tu."

Nikamtazama usoni. Macho mekundu, shati limepigwa pasi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni tovuti, Shemeji. Tunakwenda na yako. Ya Profesa tutaibeba kama akiba tu, mtoto asivunjike moyo. Usimwambie kitu."

Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Alipoondoka nilijisikia vizuri kama robo saa hivi.

Halafu akaingia Profesa. Hakupiga hodi.

"Dada?"

Alikuwa amenyoa ndevu. Nadhani alinyoa kwa ajili ya kusikia habari mbaya akiwa nadhifu.

"Ni apu," nikamwambia. "Ya Shemeji itakuwepo kama akiba. Namstahi tu, unajua alivyo. Usimguse kwa hilo."

Sijui niite nini nilichokifanya. Kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa ni neno dogo. Niliwapaka wote wawili, siku moja, ndani ya saa moja, tena nikaenda nyumbani nikalala fofofo. Nilijiambia Jumatatu mambo yatajipanga yenyewe: itakayofanya kazi vizuri itaonekana, nyingine itajifia kimya kimya, na hakuna atakayejua.

Jumatatu tukafika shuleni saa mbili. Ukumbi ulikuwa wa kuta nene, madirisha yako juu huko, wasichana mia sita na kumi na wawili wamepangwa kwa vidato. Mafundi wanane, mistari minane. Profesa akaenda kwa wale watatu wenye simu zilizokubali apu. Baba Pacha akawachukua watano waliobaki. Nikawaona wakipishana katikati ya ukumbi, wakapeana mikono, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa huruma.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Halafu mtandao ukaanza kuja na kuondoka kwa upande wa tovuti. Fundi anabonyeza "hifadhi", ukurasa unazunguka, anabonyeza tena. Mmoja akawa anapima wasichana watano, anashika vipimo kichwani, anakimbia hadi mlangoni kuviingiza. Akifika mlangoni kabaki na vya wanne. Wasichana wakachoka kusubiri, wakahamia mistari ya apu, wengine wakiwa wameshapimwa kule. Hakuna aliyewazuia. Nani awazuie? Profesa alijua yake ndiyo kazi yenyewe, hivyo akawapokea. Baba Pacha alijua yake ndiyo kazi yenyewe, hivyo hakujali wakipimwa tena kwenye akiba.

Mama Vifungo, aliyekuwa upande wa tovuti, aliivumilia simu yake hadi saa nne, akaitumbukiza kwenye mkoba. Akahamia kwa jirani yake mwenye apu. Yeye akashika futi, akawa anapima na kupaza sauti, "Kiuno ishirini na sita! Nyonga thelathini na tano!" na mwenzake hafanyi kingine ila kubonyeza. Mstari wao ukawa unakwenda mbio. Nilimwona kwa macho yangu. Nikamkasirikia, nikadhani amekacha kazi.

Saa tano mwalimu mkuu akaingia na orodha yake mkononi.

"Kidato cha pili wamepimwa wangapi?"

"Themanini na mmoja," akasema Profesa.

"Tisini na wanne," akasema Baba Pacha.

Mwalimu mkuu akajumlisha kimya kimya. "Mia na sabini na watano. Kidato cha pili kina wasichana mia na hamsini na watatu. Hao wengine ni akina nani? Walimu?"

Wasichana wa mbele wakacheka.

"Mwalimu," Profesa akasema kwa upole, "chukua hesabu yangu. Hiyo ya pili ni ya akiba."

Baba Pacha akamgeukia taratibu. "Hapana, mdogo wangu. Samahani. Yako ndiyo ya akiba."

"Nani kasema?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti kaniambia mimi hivyo hivyo, Alhamisi."

"Mimi pia Alhamisi."

Wakanigeukia. Na mafundi wakanigeukia, futi zimening'inia shingoni. Mwalimu mkuu akashusha orodha.

"Sasa hapa nani anaongoza?" akauliza.

Swali hilo sitalisahau. Mtu akinitukana najua kumjibu. Hilo lilinipata, kwa sababu wiki tano nzima nilikuwa nawakasirikia wanaume wawili kwa kubishana, kumbe wao walikuwa wanafanya kazi yao. Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, ya kusema hiki ndiyo na hiki siyo. Ndiyo peke yake ambayo haikufanyika.

"Naongoza mimi," nikasema. "Niliwadanganya wote wawili. Kila mmoja nilimwambia ya kwake ndiyo tuliyoichagua. Niliona haya kukataa."

Wasichana wa nyuma wakanyanyuka kwa vidole wanione.

"Basi kataa sasa," mwalimu mkuu akasema. "Nina kipindi cha hisabati saa saba. Hadi saa kumi nataka jina moja, msichana mmoja, kipimo kimoja. Zaidi ya hapo mnajua."

Nikatazama ukumbi, kwa mara ya kwanza siku ile nikiutazama na si kuuogopa. Nikamwona Mama Vifungo na futi yake, na jirani yake na simu. Watu wawili, simu moja. Wiki tano tulikuwa tunahesabu simu ngapi zitakubali apu, tukalia kwamba ni tatu tu kati ya nane. Fundi anayepima ana mikono miwili na yote iko kwenye futi, na meno yameuma pini. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye angeweza kupima na kubonyeza pamoja kwa siku nzima. Nane hatukuwahi kuzihitaji. Na mimi fundi wa miaka yote hii ndiye niliyepaswa kuwaambia hivyo siku ya kwanza.

"Ni apu," nikasema. "Simu tatu zinatosha. Mmoja anapima na kusema kwa sauti, mmoja anaandika. Wawili waliobaki wanapanga mistari na kukagua majina. Shemeji." Nikamtazama. "Shemeji, tovuti yako leo hapana. Naiweka pembeni."

Baba Pacha alikunja mikono ya shati. Akaikunjua tena.

"Kwenye tovuti wapo wasichana wangapi ambao apu haina?" akamuuliza Profesa.

Wakalinganisha. Mia na themanini na wanane.

"Naweza kuandika kitu cha kuhamisha vipimo vyao," Profesa akasema, hamtazami mtu. "Lakini si leo. Nipe siku mbili."

"Siku mbili hatuna," akasema Baba Pacha.

Akavuta kiti cha mwanafunzi, kifupi, magoti yakamfika kifuani. Akafungua kompyuta yake karibu na mlango, pale mtandao ulipokuwa unafika. "Chukua simu yako," akamwambia Profesa. "Mimi nasoma, wewe andika."

Akaanza kusoma. Namba ya usajili, jina, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Msichana wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti haikupanda wala kushuka. Kazi aliyoijenga wiki tano, alikuwa anaitoa kwa kinywa chake mwenyewe na kuitia kwenye kazi ya mwenzake, kipimo kwa kipimo. Alipokuta jina limeingia mara tatu kwa sababu ya mtandao, alisema tu, "Hili limerudiwa, ruka," akaendelea. Nilimpelekea maji. Aliyachukua, akayaweka chini, hakuyanywa. Nikatamani anitukane.

Nyuma yao mafundi sita walikuwa wawili wawili wakipaza sauti, mimi na mwenzangu tukikimbia na orodha. Sikumbuki kama nilikaa. Saa kumi kasoro dakika tisa Profesa akanyanyua simu: mia sita na kumi na wawili, hakuna jina lililojirudia.

Mwalimu mkuu hakututupia maua. Aliita wasichana kumi wa kuokoteza, akachukua futi yangu shingoni mwangu, akawapima mwenyewe huku Profesa akimsomea. Vipimo vya wote kumi vikalingana. Akanirudishia futi.

"Kidato cha kwanza na cha pili nawapa," akasema. "Cha tatu na cha nne vinakwenda kiwandani."

"Mwalimu, vipimo vyote ni sahihi."

"Vipimo nimeviona. Sina neno navyo." Akatazama upande wa Baba Pacha, aliyekuwa anakunja waya wa kompyuta. "Mwenyekiti, mimi nina walimu thelathini na wawili. Yule anayeniudhi namwambia ananiudhi. Wewe nitakupaje shule nzima?"

Nusu ya shule. Maana yake watakaorudi kukaa nyumbani ni mafundi wawili, si wanne. Niliwatazama wale wawili pale pale ukumbini, wanakunja futi zao, wanataniana, hawajajua bado. Ningewaambia kesho asubuhi, kabla hawajawasha pasi. Hilo nilijiapiza.

Profesa alipita mbele yangu bila kusimama. "Nitakuja kula wiki ijayo," akasema. "Wiki hii usinipikie."

Baba Pacha ndiye aliyesimama. Alikuwa amevaa begi lake, amejifuta jasho, nadhifu kama alivyokuja.

"Shemeji, mimi ningekubali," akasema. "Ungeniambia Alhamisi, ningekubali, ningemsaidia kijana na hii apu yake. Wikiendi nzima sikutoka nje."

"Najua. Nisamehe."

"Hilo lipo. Sasa kuna jingine." Akashusha pumzi. "Dada yako amealika watu leo jioni, kunipongeza. Ndugu zangu wote wanakuja. Nilimwambia tovuti yangu imechaguliwa. Na wewe umo kwenye walioalikwa. Mimi nikifika pale, nitasema nini?"

Nilimtazama mtu yule akiuliza, anauliza kwa dhati, kana kwamba aibu ile ilikuwa yake.

"Usiseme kitu. Pita mjini, zunguka, fika saa moja. Natangulia mimi."

Nilikwenda kwa miguu, haraka, na njia nzima kichwa kiliniletea maneno matamu: niseme mtandao ulileta shida, niseme shule ndiyo iliyobadili, niseme tutazitumia zote mbili baadaye. Yalikuja mengi na yote yalikuwa mazuri. Nikayaacha yapite.

Dada alifungua mlango na kanga ya jikoni kiunoni, uso unang'aa, viti vya kuazima vimepangwa nyuma yake hadi kwenye korido.

"Karibu, karibu! Yuko wapi shujaa wangu?"

Sikuvuka kizingiti.

"Dada, nilimdanganya mumeo Alhamisi," nikasema. "Na leo nimemkataa mbele za watu. Nieleze nikiwa hapa nje, au niingie kwanza?"